Folda Tupu ya Fundi Swalihu

Jumatatu, 16 Julai 2001

Asubuhi njema kabisa! Folda ya pamoja imekuwa tupu tena.

Nieleze, maana siku moja shajara hii itasomwa na watu wakubwa. Shirika letu la visima, hapa Dodoma mjini, lina kompyuta sita. Mafaili yote yanakaa kwenye moja, seva, iliyomo chumbani kwangu. Nyingine tano zikiwashwa zinatakiwa kuyavuta kwa waya na kuyaonyesha kwenye folda moja. Tangu Aprili folda inatokea tupu. Ofisi nzima inapiga kelele. Naingia, nawaomba wasogee, naandika amri moja fupi, mafaili yanarudi. Nashukuriwa. Naletewa chai na maandazi.

Kwa nini zinashindwa zikiwaka na kukubali baadaye? Sijui. Sitaki kujua! Tatizo likiisha, nani atamhitaji Swalihu wa Kondoa? Na Ijumaa mkurugenzi, Mzee Methusela, anamtangaza Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta.

Jumanne, 17 Julai

Priska, mpiga chapa wetu, kaniuliza ninaandika nini pale. Nimemjibu ni mambo ya ndani, hayaelezeki kwa Kiswahili. Akasema basi nimweleze kwa Kigogo, atasikia. Watu wakacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Kuanzia leo naandika amri huku nimefunika mikono kwa koti. Pia nimeongeza kuitegea mashine sikio. Inapendeza.

Jumatano, 18 Julai

Umeme ulikatika saa tatu, ukarudi, folda ikawa tupu. Hapo nikapata wazo: nijifiche mgahawani nyuma ya ofisi, nitafutwe hadi wanithamini. Nikakaa saa mbili. Hakuna aliyenitafuta! Nikarudi mwenyewe.

Kumbe walifika wajumbe watatu wa kijiji cha Haneti. Walimsomea Priska orodha ya sehemu kumi na moja za kuchimba visima, na vipimo vyake vyote, kutoka kwenye daftari lao. Akaandika, akahifadhi kwenye folda, ingawa ilikuwa tupu. Wakaondoka na lori pamoja na daftari.

Nikavaa koti mikononi, nikatega sikio, nikaandika amri. Mafaili yote yakarudi. La Haneti halimo.

Orodha isipowafikia wachimbaji kesho saa sita, mtambo wa kuchimbia unakwenda Singida. Mzee Methusela alikaa chini, kofia mkononi. Nikasema mbele ya wote kwamba Priska alisahau kuhifadhi. Aliniangalia tu. Angelia ingekuwa nafuu.

Nimemkumbuka mama mkubwa Adija kule Kolo, anavyochimbua mchanga wa korongo kupata ndoo moja ya maji. Nikaacha kumkumbuka.

Alhamisi, 19 Julai

Siku mbaya. Priska aliingia mapema, akanisalimia vizuri, akachomoa kitabu cha maelekezo nilichoinulia kiwambo cha kompyuta yangu. Kiwambo kikalala upande. Nimefanya kazi asubuhi nzima shingo imepinda.

Saa nne akaita watu. Akaitenganisha kompyuta yake na seva. Mafaili yote yakapotea, nikaanza kufurahi. Halafu likaonekana faili moja, peke yake. Haneti!

“Kaka Swalihu,” akasema, “seva haikuwa imeunganishwa, kwa hiyo niliandika kwenye mashine hii hii. Ulipoiunganisha, ni kama umetandika mkeka juu ya karatasi yangu. Karatasi ilikuwa chini muda wote.”

Nikasema ndivyo nilivyoshuku.

Akaendelea! Eti kompyuta ikiwaka inaitafuta seva kabla mtandao haujaamka. Inajaribu mara moja, inakosa, inaendelea na shughuli zake kimya. Akaiweka ile amri yangu mwisho kabisa wa orodha ya mambo ambayo kompyuta inayafanya yenyewe ikiwaka. Akaizima na kuiwasha mara tatu. Mara tatu folda imejaa.

Nikamuuliza amri yangu ameijuaje. Akasema nilifunika vidole. Herufi zilikuwa zinatokea kwenye kiwambo, kubwa kubwa.

Orodha ikachapwa, Mzee Methusela akaikimbiza mwenyewe kwa wachimbaji. Ilifika saa sita kasoro robo.

Ijumaa, 20 Julai

Mkuu wa Kitengo: Priska. Msaidizi: mimi. Mzee Methusela akaniita ndani, akauliza kama nilikuwa na uhakika juzi kwamba Priska hakuhifadhi. Nikaangalia viatu. Akaniambia nikamwombe radhi. Nikaenda. Priska akasema yamekwisha, kisha akanipa kazi ya kuzirekebisha kompyuta nne zilizobaki. Zote zinawaka na mafaili yake. Ofisi kimya. Inatisha.

Jumatatu, 23 Julai

Mtambo umeelekea Haneti leo. Priska na Mzee Methusela wamo kwenye gari la mbele, hawarudi mpaka Alhamisi.

Mara printa ikagoma! Wenzangu wakaitazama, kisha wakarudi mezani kwao. Nikaisogeza dirishani, ikajigonga ukutani kwa bahati mbaya, ubavu wa kushoto, ikakubali. Hakuna aliyeona! Nikaizima haraka. Nimewaambia ni ugonjwa mzito wa ndani, hata kitabuni haumo, mtu asiiguse. Nimeibeba hadi chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikaiwasha, nikaipiga kofi moja. Ikapona.

Nikaongeza matatu, ili walio nje wasikie kazi ilivyo ngumu.