Mafuta ya Nywele Kwenye Magurudumu

Jumatatu, 3 Juni
Situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea. Jumamosi baba mkwe anashindanisha magari ya mbao tuliyochonga wenyewe, na mshindi atapewa randa yake, ile aliyofanyia useremala maisha yake yote. Miaka yote hii nimemuoa binti yake, mpaka leo ananiita "yule bwana". Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi cherehani asiyejua hata kupigilia msumari, anaitwa "mwanangu". Eti kwa sababu amemzaa! Ngoja niinyakue hiyo randa. Tuone ataniitaje.

Jumanne, 4 Juni
Magurudumu tayari. Moja lina umbo la yai kidogo, lakini litazoea. Ekseli ni misumari, kila gurudumu na wake. Mke wangu amepita na ndoo, akasema chini ya vichwa vya misumari kuna ukingo mkali, niupige msasa laini, la sivyo utakwaruza magurudumu. Nikamwambia msasa unakula chuma, msumari unadhoofika. Akauliza nani kanifundisha hayo. Nikamjibu: akili! Akaenda zake akicheka.

Jumatano, 5 Juni
Magurudumu yanalia. Dawa ninayo: mafuta ya nywele ya mke wangu. Nimemimina bila uchoyo. Loo! Yanateleza mpaka nimejikuta naimba. Gari zima linanukia waridi. Mke wangu anaitafuta chupa yake tangu mchana. Nimemsaidia kutafuta.

Alhamisi, 6 Juni
Raha sina. Je, kama shemeji naye ana mafuta? Nikabeba suruali yangu nzuri hadi dukani kwake, nikidai ni ndefu. Gari lake liko mezani kando ya mkasi, jekundu, lenye maringo. Alipoingia nyuma ya pazia kutafuta chaki, nikatoa unga mweusi wa penseli niliousaga asubuhi, nikaujaza kwenye kila ekseli. Uchafu mtupu! Hapo hatoki. Aliporudi akauliza mbona natetemeka. Nikasema nasikia baridi. Jasho lilikuwa linanichuruzika.

Jumamosi, 8 Juni
Aibu! Baba mkwe alilaza ubao mrefu kutoka barazani hadi uani, bado una vumbi la msumeno. Gari langu likaanza kwa madaha. Mafuta yakazoa vumbi lote la njiani, likasimama katikati likinukia waridi. La shemeji likalipita, likamaliza ubao, likavuka ua, likagonga ndoo.

Baba mkwe akaliokota, akazungusha gurudumu, akatazama kidole chake cheusi. Akasema huyu ndiye fundi: ekseli hutiwa unga wa penseli, mafuta hukamata vumbi. Shemeji akaduwaa, akaapa hajui lolote.

Uvumilivu ukanishinda. Sifa zangu zinaliwa na mwingine, nikiona! Nikaruka mbele ya ukoo mzima, nikapiga kelele kwamba unga ni wangu, nimeutia mimi. Baba mkwe akauliza kwa nini basi sikulitilia gari langu. Ulimi ukaniponyoka: nilitaka la shemeji likwame.

Nimesimama hapo na suruali inayoishia juu ya vifundo, maana shemeji alinikatia kweli. Mke wangu akauliza tena, taratibu, chupa yake iko wapi.

Randa ikaenda kwa shemeji. Kisha baba mkwe akanigeukia, akasema hataniita tena yule bwana. Nikasogea karibu. Akaniita Mchimba Kisima. Wakacheka wote, nami nikacheka nao, lakini imeniuma. Nilitaka neno moja tu.

Jumapili, 9 Juni
Nimetafakari. Angalau sasa nina jina.

Kosa nimeliona: mafuta yalikuwa machache. Mwakani chupa mbili. Na unga wa penseli simtilii tena mtu, nimekoma. Nitampelekea shemeji suruali nyingine, na akiingia tu nyuma ya pazia, natoa msasa laini, naisugua misumari yake yote mpaka idhoofike.