Kompyuta Iliyoenda Mikumi na Gauni

Jamani, leo nimeaibika Mikumi nzima. Sisemi mtaa mmoja, nasema Mikumi, pamoja na madereva wa malori ambao hata si wa huko. Nimerudi Kilosa, nimekaa kitandani, na bado siamini kama ni mimi.

Mnajua nimehangaika na kompyuta ya gemu muda mrefu. Nataka kufungua chumba cha gemu. Baba mdogo ana fremu moja ya duka, tupu, karibu na stendi, na kuna muuza mbolea anaitolea macho. Baba mdogo akanipa sharti: "Nitakuja kuicheza mwenyewe. Ikimaliza mechi mbili bila kuzima, fremu yako. Ikizima, nampa mwenye mbolea." Na yeye akishasema kasema.

Sasa mfuko wangu mnaujua. (Kama hamuujui, bora.) Vifaa nilinunua kwa Dada Zuhura, ana duka la vifaa vya kompyuta vilivyotumika pale Mikumi, kando ya barabara kuu malori yanapopumzika. Kwa hela yangu kila kifaa kilikuwa ugomvi. Nikichukua prosesa ya maana, ram, ile kumbukumbu yake, inabidi iwe ya kujibana. Kadi ya picha, ile inayochora gemu, nikachukua iliyochoka kidogo. Mwisho ikabaki hela ya kitu kimoja tu: feni za kupoza kasha, au taa za rangi zinazozunguka ndani yake.

"Chukua feni," Dada Zuhura akasema. Yule dada anaongea, hata ukilipa ukaondoka anaendelea. "Joto la Kilosa unalijua, na kadi hii inachemka."

"Dada, mteja anavutwa na taa."

"Mteja anavutwa na gemu isiyozima."

"Nipe taa."

(Kumbukeni mimi ndiye ninayejibu maswali yenu yote ya kompyuta humu kwenye grupu. Na huwa nawajibu kwa dharau.)

Haya, kuna mama. Kwetu hakuna kitu kinachokaa wazi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, jokofu lina chake na chupa ya chai ina chake. Kompyuta ilipoingia tu, mama akaipima kwa tepu akaishonea gauni. Alitumia kile kitambaa kizito cha makochi kilichobaki, akatia mpira chini, lesi pembeni, na mbele akadarizi "Mgeni Njoo". Akaacha tobo la kidole la kuwashia, tobo la waya nyuma, na kidirisha ili taa zangu zionekane. "Vumbi la hapa halina adabu," akasema. Ilipendeza kweli. Nikamshukuru, nikasahau kama lipo, maana kwetu kitu kikishavishwa ndiyo basi.

Leo asubuhi baba mdogo kaja. Kavua viatu, kakaa, kashika pedi ya kuchezea kichwa chini miguu juu. Nikamgeuzia. Hajawahi kucheza gemu maisha yake, lakini sijui ilikuwaje, akafunga goli. Akaanza kuwika. Muda si muda akapata penati. Mama akaacha kupepeta mchele akaja kusimama mlangoni. Baba mdogo akavuta pumzi, akabonyeza.

Pap. Skrini nyeusi.

Baba mdogo akanigeukia taratibu. "Imeingia?"

"Baba, imezima."

"Sijakuuliza hilo. Imeingia?"

Akavaa viatu. "Nitarudi jioni. Ikizima tena, mwenye mbolea anahamia kesho."

Niliogopa jamani, sitawaficha. Fremu ile ndiyo pekee ambayo ningeipata bila kulipia kodi ya kuanzia, na mama alikuwa keshawatangazia majirani wote. Nikaishika ile kompyuta, ya moto. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini ni ya moto. Mimi nikakata shauri kwamba Zuhura kaniuzia kadi mbovu. Nikaifunga na khanga mbili kama ilivyo, nikapata lifti kwenye Fuso lililopakia mchele wa Kilangali kwenda barabara kuu, nikaipakata kama mtoto mgonjwa. Kuanzia Zombo, njiani, hadi tunashuka nilikuwa nafanya mazoezi ya kumgombeza mtu. Dereva ananiitikia tu: "Mwambie. Usimwache."

Nikafika. Dukani watu wamejaa, madereva wanachaji simu. Baba yake Zuhura, mzee wa heshima zake, kakaa mlangoni kwenye kiti. Nikampita kama nampita mlingoti.

"Zuhura! Umeniuzia kadi mbovu, huu ni wizi!"

Nyuma yangu nikasikia sauti ya taratibu: "Marahaba, mwanangu."

Nilikuwa sijamwamkia. Nikarudi mlangoni, nikainama. "Shikamoo mzee."

"Nimeshaitikia," akasema. "Endelea na wizi."

Sasa mtu utaendeleaje hapo? Hasira yote ilikuwa imeshapoa, nimebaki na mzigo tu mkononi. Zuhura akagonga meza. "Weka hapa tuione." Nikaweka. Nikafungua khanga ya kwanza, nikafungua ya pili.

Jamani, lile gauni nyumbani huwa halionekani, linafanana na makochi. Pale mezani, katikati ya nyaya na mafundi, lilionekana. Lesi zote zimesimama. Mgeni Njoo.

"Hii nini?" Zuhura akauliza.

"Gauni."

"La nani?"

"La kompyuta."

Dereva mmoja akaondoa simu sikioni. Zuhura akalishika pindo, akalipima unene kwa vidole. "Wakati wa kucheza huwa mnaivua?"

Nikajibu kwa kiburi, Mungu anisamehe. "Kuivua ya nini? Si ina matobo."

Yule dada, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakosa neno. Akaivua gauni, akawasha, akawapa madereva pedi. Wakacheza mechi ya kwanza, wakacheza ya pili, wakaanza kugombania zamu. Haikuzima. Nilivyo mbishi, nikasema tatizo litakuwa umeme wa Kilosa.

"Sawa," akasema Zuhura. "Tuivishe."

Akaivisha taratibu, akanyoosha na lesi, kama anamvisha bi harusi. Watu wa duka la jirani wakaja. Mama ntilie akaja na mwiko mkononi. Madereva wakaanza mechi, na mimi nimesimama katikati yao nasoma dua zote ninazozijua ili isizime. Ikaenda vizuri. Ikaenda vizuri tena. Nikaanza kutabasamu.

Pap.

"Mgeni kafika," akasema mama ntilie.

Sijawahi kuchekwa namna ile. Walicheka hadi wengine wakatoka nje kushika ukuta. Mzee mlangoni anacheka bila sauti, anafuta machozi kwa kanzu. Zuhura akauchukua mkono wangu akaulaza juu ya kasha. Nikautoa haraka. Kikaango kabisa.

Nilitaka kukimbia, lakini nilimwita mtu mwizi mbele za watu, ikabidi niombe radhi mbele zao hao hao. Nikamwomba Zuhura, nikamwomba na mzee. Mzee akasema yamekwisha. Zuhura akasema, "Nimekusamehe. Lete taa zangu." Akazing'oa taa zote, akafunga feni mbili mahali pake. Ndivyo tulivyomalizana.

Nimefika nyumbani baba mdogo keshakaa kwenye kochi. Akacheza mechi mbili, akafungwa zote, na kompyuta haikutikisika, inavuma tu. Akaweka pedi chini, akatoa funguo mfukoni. "Fremu yako. Ila ile penati iliingia."

"Iliingia, baba."

Likabaki moja, na ndilo nililoliogopa kuliko yote. Mama alikuwa anaiangalia kompyuta, na gauni liko kwenye mfuko wangu. Nikamweleza habari ya joto. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa naizima?"

"Hapana mama. Ni mimi niliyenunua taa nikaacha feni."

Akalichukua gauni akalikunja vizuri, akaingia nalo chumbani. Niliumia. Nilitamani hata anigombeze.

Basi nimekaa hapa nawaandikia, kumbe mama kaingia muda huu huu. Ana tepu shingoni na kipande cha neti ya mbu mkononi. Anauliza zile feni zina upana gani, maana hawezi kuziacha uchi mbele za wateja.

Mkipita Mikumi mkaulizwa habari za kijana wa kompyuta yenye gauni, semeni amehama.