Roboti Ilivyonivua Kofia Mbele ya Wageni

Jamani, leo nimeaibika mpaka basi. Nipo intaneti kafe hapa mjini Mtwara, naandika haraka haraka. Nikikosea herufi mnisamehe.

Mnajua kiwanda chetu cha korosho kimeletewa roboti. Ni mkono mrefu wa chuma: unalinyonya boksi kwa juu, unalibeba, unalipanga. Fundi wake mimi. Nilipelekwa Dar wiki tatu kuusomea (tangu nirudi, mtaa wetu wa Likombe mzima hauna raha kwa majigambo yangu).

Leo saa nne wakaja wageni wenye mtaji. Meneja akaninong'oneza, "Ikigoma leo, utafute kazi nyingine."

Sasa, mkono ule umezungushiwa uzio. Ukifungua geti tu, unazimika wenyewe, na kuuwasha tena ni shughuli. Kwa hiyo asubuhi niliifunga swichi ya geti kwa waya, isizime kitu. (Dar walinikataza. Mara mbili!) Bi Somoe, mama mtu mzima anayechambua korosho, akaniona.

"Fundi, waya huo si hatari?"

"Bi Somoe, wewe chambua korosho. Roboti niachie mimi."

Maonyesho yakaanza vizuri. Boksi la kwanza, la pili, la kumi. Mara boksi moja likakaa upande, mkono ukasita hewani. Wageni wakatazamana. Meneja akakohoa.

Mimi huyo, ndani ya uzio! Nikainama, nikalinyoosha boksi. Kumbe mkono ulikuwa unangoja hilo tu.

Nikasikia "fyuuu" juu yangu. Kitu kikaing'ang'ania kofia yangu ya plastiki ya kazini. Kikavuta! Kofia ikapaa (kamba ya kidevuni sikuifunga, uzembe huo ndio ulioniokoa shingo). Roboti ikaiweka juu ya maboksi, taratibu kama yai. Halafu ikageuka. Inarudi kuchukua boksi linalofuata, na mahali pa boksi pana kichwa changu!

Nikajitupa chini kifudifudi. Chuma kinapita juu ya mgongo, nasikia upepo wake shingoni. Kidude cha kuizimia nimekiacha mezani, nje. Nikapiga ukelele mmoja:

"Mamaaa!"

"Nipo, mwanangu! Usinyanyuke!"

Pap! Kila kitu kikazimika. Bi Somoe alikuwa amebonyeza kitufe chekundu cha ukutani.

Nikatoka kwa kutambaa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mgeni mmoja akamuuliza Bi Somoe, "Mama, nani alikufundisha?"

"Huyo huyo," akasema. "Siku ile alipokuwa anaturingia."

Akina mama wa kuchambua wakaangua kicheko. Wageni wakafuata. Meneja hakucheka. Akaukata waya kwa mkono wake, akasema, "Kazini hujafukuzwa. Lakini ufunguo wa geti atakaa nao Bi Somoe. Ukitaka kuingia, kamwombe."

Basi ndugu zangu, anayetaka kucheka acheke kimoyomoyo. Mwenye kafe keshasoma akichungulia juu ya bega langu na anacheka kwa niaba yenu wote.