Neno "Miss" Linavyonivunjia Uchumba

Ndugu Mhariri wa Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili,

Natumaini u mzima na kazi ya maneno inakwenda. Mimi ni seremala, na yangu imesimama kwa sababu yako.

Mchumba wangu, mshonaji wa mito ya viti ninavyotengeneza, alisafiri kwenda kumuuguza shangazi yake. Siku ya nane akanitumia ujumbe kwa Kiingereza, maana amesoma kunizidi: "I miss you." La kwanza na la mwisho nilikuwa nayajua. La katikati nikalitafuta kwako, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

1. Unasema "miss" ni kukosa shabaha. Nikajiuliza kanirushia nini. Tena mimi mwili ninao. Kunikosa kunataka bidii.

2. Unasema pia ni kuachwa na gari. Ndugu Mhariri, mimi sijatoka hapa karakana. Aliyepanda basi ni yeye.

3. Unasema tena ni binti ambaye hajaolewa. Nikausoma ujumbe upya: "Mimi binti nisiyeolewa wewe." Dada yangu, ambaye hupenda kusaidia hata asipoombwa, akasema hapo nimeshakataliwa, nisijizungushe.

Mwishowe nikaona heri nishike maana ya kwanza: amenikosa, yaani amenikosea. Mimi si mtu wa kinyongo. Nikamjibu: "Nimekusamehe. Ila taja kosa lenyewe, na huyo mwanamume ni nani." Leo ni siku ya tisa tangu nimjibu, na hajaandika tena. Viti sita vimejipanga ukutani havina mito, nami navipiga msasa tu kwa mawazo, miguu inazidi kukonda. Nampenda yule mwanamke, nasema bila haya.

4. Kwa maandishi madogo unaeleza kwamba hilo la shabaha lina mzizi wake wa kale, na hilo la binti ni ufupisho wa "mistress", yaani bibi mwenye nyumba. Kumbe ni wawili wasiojuana, ukawapa chumba kimoja na jina moja. Hata pacha hupewa majina mawili.

Kwa hiyo naomba neno hilo lifutwe. Likishindikana, liwekewe picha ya fuvu kama chupa ya sumu, nawe umwandikie mchumba wangu barua yenye muhuri, ukiri kwamba kosa ni lako.

Nisalimie wapiga chapa, anayekukagulia herufi, na nyumbani kwako mpaka watoto.

Wako mwenye uchungu,
Seremala wa viti

Nyongeza: Mchumba amerudi kabla sijaifunga bahasha. Amecheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua sindano akatenganisha kurasa mbili za kamusi zilizogandana. Huwa naitumia kugandamizia mbao, na gundi huchuruzika. Humo ndani imo maana ya nne ya "miss": kuona upweke kwa kuwa mbali na umpendaye. Basi usifute chochote. Ile ya tatu tutaifuta wenyewe mwezi ujao.