Ugonjwa Ulioshindwa Kuhudhuria Kikao

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba Kamati ya Kuchunguza Ugonjwa Adimu hapa Sumbawanga imefanikiwa kuupata ugonjwa. Nasema nikiwa mjumbe halali, upande wa wajane na sala.

Kazi ilianza na Itifaki ya Salamu. Mwenyekiti wetu, Bwana Mathias, aliagiza kwamba aliye chini amsalimu aliye ndani ya gari la kamati: achutame, apige makofi kwa adabu zetu za Kifipa, mpaka wa garini aridhike. Kipimo hatukuwa nacho, dawa hatukuwa nayo, ila gari lilikuwepo. Tukapitisha pia kwamba mgonjwa akithibitishwa apelekwe Mbeya siku hiyo hiyo kwa gari hilo. Hiyo ilipita haraka, maana hakuna aliyetarajia kumthibitisha mtu.

Mgonjwa alikuwa mmoja, Stefania wa Kizwite, mwimbaji wa kwaya. Wimbo wa kuingia anauimba vizuri. Ikifika komunyo sauti inatokea puani na kope zimeanguka. Asubuhi anapepeta ulezi, mchana ungo unamponyoka. Siku hizi hata kutafuna kunamchosha, na jioni pumzi inakuwa nzito. Alichotaka kwetu ni kibali cha kwenda kutibiwa.

Daktari Atupele, aliyetumwa kutoka Mbeya, akatueleza: "Askari wa mwili wake wamekosea adui. Wanashambulia pale mishipa ya fahamu inapoipa misuli amri."

"Watovu wa nidhamu hao," akasema Mwenyekiti. "Kwa nini wasihamishwe? Wapelekwe Mwazye, kijijini kabisa."

Katibu Baltazari akaandika: wahamishwe.

Stefania aliitwa asubuhi, kalala vizuri. Akaingia anatembea, macho wazi.

"Mbona huyu yuko poa tu," akasema Baltazari.

"Ugonjwa uko wapi?" akauliza Mwenyekiti.

"Huja nikichoka, mzee. Mniite jioni."

"Jioni ofisi imefungwa. Tumekuita wewe na ugonjwa wako. Wewe umefika, mwenzio hajafika. Tufanyeje kazi?"

Vikao vitatu vikaenda hivyo hivyo. Daktari akaomba tungoje jua lizame. Akaambiwa jua si mjumbe. Ikaazimiwa: ugonjwa usiohudhuria mara tatu bila taarifa, ufutwe.

"Sasa mimi nikafie wapi?" akauliza Stefania.

"Hilo liko nje ya hadidu za rejea. Mama Cornelia, funga kwa sala."

Nikafunga. Nilimwomba Mungu awaangazie wote wenye mihuri.

Nje, Mwenyekiti akapanda gari, akashusha kioo asalimiwe. Stefania akachutama, akapiga makofi.

"Sijasikia. Rudia."

Akarudia.

"Unasalimu au unafukuza nzi? Rudia!"

Akarudia. Niliona kope ya kushoto inashuka, kisha ya kulia. Mikono ikaacha kukutana, ikaangukia mapajani kama nguo mbichi. Akataka kusema samahani, ikatokea puani.

"Dharau hiyo!" akafoka Mwenyekiti. "Wajumbe wote mmeona?"

"Tumeona," nikasema.

Daktari Atupele alishapiga magoti, kamshika mabega. "Huo ndio ugonjwa, Mwenyekiti. Umehudhuria. Na umeuita mwenyewe, mbele ya kamati nzima. Naomba gari."

Kanuni ni kanuni. Stefania akalazwa kiti cha nyuma, kichwa juu ya mapaja ya Daktari. Kiti cha mbele kikawekwa mizigo yao. Mwenyekiti akashuka, akasimama vumbini karibu yangu, upepo unamrusha tai.

Gari likanguruma, lakini halikuondoka. Dereva alikuwa akimtazama Mwenyekiti.

"Anangoja nini huyu?"

"Salamu, mheshimiwa," nikasema. "Sasa wewe ndiye uko chini."

Akatazama wajumbe. Wajumbe wakatazama viatu. Basi akachutama, suruali ikalalamika, akapiga makofi.

Kutoka kiti cha nyuma ikaja sauti hafifu, ya puani:

"Sijasikia, mzee."