Hadithi Isiyoibika

Jumatatu, 3 Machi
Sura ya nne ya riwaya yangu, Mjane wa Ghorofa ya Tatu, imepanda mtandaoni kabla sijafungua duka la fotokopi. Kaunta ya tovuti inaonyesha msomaji mmoja. Ni yule yule wa siku zote, fundi nguo mstaafu anayejiita Bibi Cherehani. Ameandika kwamba mjane amemliza. Nimeusoma ujumbe wake nikinywa chai, nikausoma tena mchana. Hakuna mwingine wa kuniambia kitu kama hicho. Dada yangu hupiga simu kuuliza tu kama nimekula.

Mwenzangu wa mashine ya laminesheni, ile ya kufunika vyeti kwa plastiki, nimembatiza Laminesheni, naye anaandika mashairi. Anayamwaga bure kwenye makundi ya simu! Leo mteja kamsomea shairi bila kujua ni lake. Akacheka hadi machozi. Mtu anaibiwa, anacheka.

Jumanne, 4 Machi
Mbona Bibi Cherehani anafungua sura moja asubuhi, halafu jioni, halafu kesho yake tena? Ananakili huyo! Nimemwambia Laminesheni. Akasema labda bibi wa watu anaipenda tu, niache wasiwasi. Wakati huo nilikuwa natoa nakala ya kitabu kizima cha fizikia kwa mwanafunzi. Nikamwambia, bila kuinua kichwa, kwamba siku hizi watu hawaheshimu jasho la mwandishi. Mwanafunzi akaomba na jalada. Nikamtolea, la rangi.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango umekamilika. Nimechapa sura zote hadi ya mwisho, nikapiga jina langu mshazari kila ukurasa, nikaziskani na kuzipandisha kama picha. Maandishi yenyewe nimeyafuta mtandaoni. Anakili sasa tumwone! Laminesheni akauliza kama ilikuwa lazima jina liwe kubwa kuliko hadithi. Chuki binafsi.

Ijumaa, 7 Machi
Ujumbe wa Bibi Cherehani. Ananiita mwanangu. Anasema hadithi imekuwa bubu. Macho yake yameishia kwenye sindano, simu ndiyo humsomea kwa sauti, na simu yake haisomi picha. Jioni majirani huja na viti, wanasikiliza pamoja. Mlinzi anayeishi chumba cha pembeni akichelewa kazini, wanairudia kwa ajili yake. Sasa wanakaa wanatazamana. Wanataka kujua kama mjane alifungua mlango. Siku nikipita kwao, anasema, kiti sikosi.

Viti! Watu wanabeba viti kwa ajili yangu, nami niko chumbani peke yangu na mkate mkavu. Nimelia, sifichi.

Kisha nikafikiri vizuri. Wasikilizaji wote hao hawaonekani kwenye kaunta. Huo si wizi?

Jumapili, 9 Machi
Nimepiga pasi shati. Nimefika hadi mlangoni pangu, viatu miguuni. Nikajiuliza: mwandishi akakae na waliomwibia? Nikavua viatu, nikamwandikia bibi. Shikamoo, nitamrudishia maandishi kwa masharti: asikilize peke yake, kwa hedifoni, mlango ukiwa umefungwa. Masharti ya kiungwana kabisa. Nimeshinda na shati la pasi hadi jioni.

Jumanne, 11 Machi
Bibi amejibu. Asante mwanangu, lakini tangu mumewe afariki hapendi kufanya jambo lolote peke yake, hawezi kuanza uzeeni. Hadithi wameimalizia wenyewe. Mlinzi ndiye aliyetunga mwisho: mjane amefungua mlango, hakukuta mtu, akauacha wazi hivyo hivyo ili asikie watu wakipanda ngazi. Sasa kuna mtu kawatumia mashairi mazuri, moja linahusu mashine ya joto inayofunika vyeti vya watu.

Laminesheni leo ameimba siku nzima. Nimemwomba apunguze sauti. Akaniuliza kama niko sawa. Nikasema nina mafua.

Jumatano, 12 Machi
Nimeamka na mwisho wa mlinzi kichwani. Ni mzuri kuliko wangu, basi nimeuandika kama ulivyo. Nimeupiga jina langu mshazari, mara mbili. Kisha nikaifungia riwaya yote kwa neno la siri ninalolijua mimi tu, maana kwa mwisho kama ule watu hawakawii kuuiba.

Jioni nimetazama kaunta. Msomaji mmoja! Moyo uliruka, nikasimama kabisa. Halafu nikakumbuka nilikuwa mimi, najaribu kufuli.

Linashika vizuri sana.