Ndimu kwa Pesa ya Mama

Jumatatu, 6 Oktoba

"Faida ya kwanza ya kujiunga na chama ni elimu." Kauli ya Bassam, muuza marashi jirani yangu, mbele ya baraza zima. Uongo mtupu! Elimu iko vitabuni, na vitabu ninavyo mimi. Bassam hajapata kumaliza kusoma hata maandishi ya kwenye chupa zake. Lakini tangu aingie Chama cha Taifa cha Wakusanya Sarafu, amekuwa mwanachuoni. Akataja na faida nyingine: jarida, mikutano, watu wa kuuliza kabla mtu hajaharibu kitu. Nikamwambia mwenye akili haulizi. Akasema vyema, Jumamosi kuna maonyesho ya kushindania sarafu bora, ukumbi wa Tononoka, wasio wanachama pia wanakaribishwa, nije na hiyo akili yangu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango tayari. Nitaonyesha bila uanachama, nitashinda, kisha nitahutubia. Hotuba nimeshaiandika. Imebaki sarafu.

Nzuri anayo dada yangu Mwanaesha: pesa ya Mombasa ya 1888, sarafu ya shaba yenye mizani upande mmoja, aliyoachiwa na marehemu mama. Ukumbusho wake wa pekee. Nikamwendea kwake, mtaa wa Tudor. Akakataa. Nikamwambia Bassam anayo kama hiyo na ataionyesha. Akasema haya, watu nao waione ya mama. Akaitoa kwenye kitambaa. Akaniapisha: Fuad, irudi kama ilivyo. Nikaapa upesi. Nani ataiba kitu cheusi namna ile?

Alhamisi, 9 Oktoba

Nyeusi mno! Kama kifungo kilichookolewa motoni. Nilichungulia ya Bassam dukani kwake, nayo nyeusi. Hapo ndipo njia iliponifungukia.

Nikaenda soko la Marikiti kununua ndimu. Mbodze, muuzaji, akauliza kama ni za achari. Nikamjibu ni za ushindi. Akaniongezea moja, nadhani kwa huruma.

Ndimu, majivu, mswaki wa zamani. Upande wa mizani nimeusugua hadi adhana ya alasiri. Wa pili nimeupitia juujuu tu. Inang'aa! Mizani imebaki na sahani moja, lakini mng'aro wake! Mtu anaweza kunyolea ndevu. Bassam atalia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mwanaesha alifika ukumbini na buibui jipya na majirani zake wa Tudor, waje waione pesa ya mama. Fadhiya, mwalimu na katibu wa chama, akaishika kwa kingo zake. Akaitazama kwa lenzi. Akaitazama tena. Akauliza, kwa adabu, nani ameisugua. Nikasema mimi, kwa mikono yangu hii.

Akasema ule weusi ndio ngozi ya sarafu. Ukiuondoa haurudi, na thamani huondoka nao. Upande wa pili umebakiwa na kidogo. Tafadhali, usiguswe tena. Akasema hili ndilo somo la kwanza la kila mwanachama mpya. La kwanza! Kabla hata ya chai!

Bassam hakucheka. Hilo liliniuma zaidi. Alimletea dada kiti.

Mwanaesha aliipokea ile pesa, akaigeuza mkononi mwake. Kisha akasema mama alikuwa akisugua sinia zake zote kila Idi, lakini hii hakuisugua maisha yake yote. Akaniuliza kama sikujiuliza kwa nini. Nikasema labda ndimu zilikuwa ghali. Akamgeukia Fadhiya, akajiunga na chama palepale. Majirani wakampigia vigelegele.

Hotuba sikuisoma.

Jumapili, 12 Oktoba

Dada hapokei simu zangu. Asubuhi Bassam alipita, akasema kuna darasa la wageni wiki hii, la bure, nifuatane naye. Wallahi, ana ujasiri! Nikamkumbusha kwamba mwenye akili haulizi. Akasema sawa, sheikh, akaenda zake.

Nimelipima jambo hili kwa haki. Kosa ni la chama. Kama hilo ndilo somo la kwanza, mbona halikubandikwa Marikiti, pale penye ndimu?

Basi nimeanzisha chama changu. Mwenyekiti mimi, katibu mimi. Faida ya kwanza: usafi. Tangazo litakaa mlangoni kwa Bassam, nalo ni hili:

Wakusanya sarafu wote wa Mji wa Kale, na wewe Bassam mbele yao! Kesho baada ya alasiri nileteeni sarafu zenu, mkianza na zile nyeusi zaidi. Majivu yapo. Ndimu zimebaki mbili.

Nawe, dada Mwanaesha, acha hasira, niletee ile pesa ya mama. Upande wa pili sikuumaliza.